Bodi ya DX ya zamani: dalili, chanzo na dawa kabla ya kuipeleka kwenye mbio

Corolla KE70, ile tunayoiita DX, bado ni gari zuri la kuanzia mbio. Injini iko mbele, tairi za nyuma ndizo zinazosukuma, nyuma kuna difu ngumu inayokaa kwenye springi za koili, fimbo nne zinaishika na fimbo ya tano, ya panhadi, inaizuia isitembee pembeni. Hakuna kompyuta ya kukusumbua. Magari ya muundo huu yalishajithibitisha kwenye barabara zetu: Shekhar Mehta alishinda Safari Rally mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, akiwa na Datsun Violet, saluni yenye difu ngumu nyuma kama hii.

Tatizo ni kwamba DX zilizobaki zina miaka arobaini hivi. Zimegongwa, zikanyooshwa, zikagongwa tena, na nyingine zimekula chumvi ya bahari. Yangu niliitoa Tanga. Rangi ilikuwa inang'aa, injini inanguruma vizuri, na ilinichukua mwaka mzima kuelewa bodi yake inaumwa nini. Nilichojifunza ni hiki: bodi huumwa mahali pamoja ikalia mahali pengine. Ufa kwenye nguzo ya kioo unaweza kuwa umetokana na kuoza kwa sili, lile boksi la bati linalopita chini ya milango. Tairi linaloliwa upande mmoja linaweza kuwa limetokana na boriti iliyokunjwa kwenye ajali ya miaka ishirini iliyopita. Ukitibu pale panapolia tu, ufa utarudi baada ya mbio mbili na hela yako imeshakwenda. Kwa hiyo kila dalili hapa chini nimeanza na kipimo, grenda inakuja baadaye.

Kabla ya yote toa viti, zulia, raba za milango na ile lami ya kuzuia kelele sakafuni. Chomoa betri. Tangi la mafuta litoke kabisa likae mbali. Tangi tupu lenye mvuke ni hatari kuliko lililojaa. Na kama umesafisha bati kwa dawa ya kopo ya kusafishia breki, soma kopo: zenye klorini zikikutana na moto wa kuchomelea hutoa gesi ya sumu inayoua. Tumia tina ya rangi, futa, acha ikauke kabisa, toa kopo na vitambaa nje, ndipo uwashe mashine.

Mlango unagoma ukipiga jeki

Hii ndiyo dalili ya kwanza ya kuitafuta, hata kabla hujalipia gari. Likiwa chini, fungua na ufunge milango yote minne, sikiliza kila mmoja unavyolia. Kisha weka jeki nyuma kidogo ya tairi la mbele, inua upande mmoja mpaka tairi liache ardhi, jaribu tena. Bodi yenye afya haionyeshi mabadiliko. Bodi yenye sili iliyokufa inakunjika katikati kama daftari, na mwanya wa juu ya mlango unabana upande mmoja na kupanuka upande wa pili.

Kwenye yangu mlango wa mbele kushoto ulikuwa unafungwa kwa kidole kimoja. Nilipoinua, ulikwama kwenye nguzo ya katikati na kufuli likapishana na ndoano yake kwa milimita sita.

Chanzo kinaweza kuwa kimoja kati ya viwili, na ni rahisi kuvitenganisha. Fungua mlango, ushike nchani, uinue. Ukicheza kwenye bawaba, pini zimelika. Badilisha pini na bushi zake, umemaliza. Usipocheza, shuka chini ya gari ukiwa na bisibisi pana. Nilianza kugonga sili kwa mpini kutoka mbele kwenda nyuma: ti, ti, ti, halafu tu. Pale sauti ilipokufa niligeuza bisibisi nikasukuma ncha, ikazama mpaka kwenye mpini. Nilipokwangua ilitoka fila (ile pasti ya kuzibia mabonde ya bati) nene kama kidole, nyuma yake kipande cha gunia, nyuma ya gunia gazeti lililokunjwa vizuri. Gazeti lilikuwa bado linasomeka, ukurasa wa matokeo ya mpira. Nyuma ya gazeti hapakuwa na kitu. Huo ndio ufundi wa funika kombe mwanaharamu apite, na kwenye gari la mbio anayepita ni wewe na msomaji ramani wako.

Dawa yake ina mpangilio, na ukiuvunja utaunganisha gari likiwa limepinda milele. Gari likae kwenye stendi nne, chini ya mahali springi zinaposhika, sakafu iwe sawa kwa pima maji. Chomelea bomba la kuzuia ndani ya nafasi ya mlango, kutoka nguzo ya mbele hadi ya katikati, na jingine la mshazari. Pima mshazari wa nafasi ya mlango, andika. Sasa kata, upande mmoja tu kwa wakati. Sili ina bati la nje unaloliona na la ndani linaloshikana na sakafu, na kwa kawaida la ndani ndilo lililotangulia kufa, maana maji yalikaa humo baada ya matundu ya kutolea maji kuzibwa na tope au fila. Kata mpaka ukutane na bati linalong'aa pande zote likipitiwa na brashi ya waya. Kubakiza sentimita mbili za bati jeusi lenye mashimo madogo ili kuokoa kazi ni kujidanganya, kwa sababu weldi haina mahali pa kushika.

Mimi hutumia bati jipya jeusi, lisilopakwa zinki, la milimita 1.2 kwa sili na sakafu. Usikubali kuwekewa mabati ya nyumba. Geji 30 ina unene wa milimita 0.3 hivi, na zinki iliyopakwa juu yake ikiungua moshi wake hukulaza kitandani na homa. Shika bati jipya kwa vidonda vidogo vidogo vya weldi, rudisha mlango, ufunge, angalia mwanya, pima tena ule mshazari. Ukiridhika ndipo umalizie. Acha matundu ya kutolea maji chini, na rangi ikikauka pulizia nta ndani ya boksi.

Gari linakwenda kama kaa

Anayekufuata anakwambia nyuma yako haifuati mbele. Au fundi wa alaimenti anahangaika saa nzima, usukani ukinyooka tairi zinapinda. Hapa watu wengi hukimbilia kusema chesisi imepinda, na mara nyingi hawajapima hata kitu kimoja.

Pima kwa timazi na chaki. Tafuta alama zinazofanana kushoto na kulia: matundu ya kiwandani kwenye boriti za chesisi, bolti za krosimemba (boriti ya kukatiza) ya mbele, mahali fimbo za difu zinaposhikwa. Kutoka kila alama teremsha timazi, weka alama ya chaki sakafuni, andika herufi. Ukimaliza sukuma gari pembeni. Sasa bodi yako imechorwa sakafuni na unaweza kuipima bila kulala chali. Pima kila mshazari: mbele kushoto hadi nyuma kulia, kisha kinyume chake. Mimi tofauti ya chini ya milimita 3 siigusi. Ikizidi 5 narudia kupima, kwa sababu kamba iliyolegea inadanganya. Ikibaki ileile nakubali kwamba kuna kitu kimesogea. Pima pia kati ya kitovu cha tairi la mbele na la nyuma kila upande. Kiwandani ni milimita 2,400.

Kama mshazari wa bodi uko sawa lakini umbali wa tairi hadi tairi umetofautiana, bodi haina kosa: tafuta fimbo ya difu iliyopinda, bushi iliyokufa au mkono wa mbele uliogongwa na jiwe. Kama mshazari wa mbele peke yake ndio mbaya, boriti ya mbele ilikunjwa. Angalia ndani ya bonneti, mikunjo midogo kama ya shati lisilopigwa pasi kwenye bati la pembeni, mara nyingi imefichwa nyuma ya betri.

Kuna kosa moja limewagharimu vijana wengi. Umeinua gari kwa springi ndefu ili lipite kwenye mawe, ukaona tairi la nyuma la upande mmoja limechomoza kuliko la pili. Ukaambiwa bodi imepinda. Tulia. Fimbo ya panhadi imeshikwa upande mmoja kwenye bodi na upande wa pili kwenye difu. Bodi ikipanda, fimbo inainama, na urefu wake wa ulalo unapungua, hivyo inavuta difu kuelekea kule iliposhikwa kwenye bodi. Fimbo ya sentimita 90 iliyokuwa imelala sawa, bodi ikipanda sentimita 5 inavuta kama milimita moja na nusu. Ikipanda 10 inavuta karibu 6. Kama ilikuwa tayari imeinama, inavuta zaidi. Jaribio lake ni magunia ya mchanga kwenye buti: bodi ishuke hadi kimo chake cha zamani, pima tena. Tofauti ikiondoka, unachohitaji ni fimbo inayorekebishika urefu, au kuteremsha kishikio chake kwenye bodi. Hakuna cha kunyoosha.

Na kama kweli boriti imepinda, usifunge mnyororo kwenye mti ukavuta kwa gari jingine. Bodi isiposhikwa imara kwenye alama nne, kinachosogea ni sehemu dhaifu kuliko zote, na sehemu iliyopinda mara nyingi imeshakuwa ngumu kuliko jirani zake. Tafuta gereji yenye benchi la kuvutia na uwapelekee vipimo vyako vya chaki.

Nyufa zinazorudi

Zitafute kabla hazijaonekana. Safisha eneo hadi chuma, paka mafuta ya taa, subiri robo saa, futa mpaka pakauke, kisha paka unga wa chaki. Baada ya muda mstari mweusi mwembamba utajichora penye ufa, kwa sababu mafuta yaliyoingia humo yanatoka tena kwenye chaki. Mahali pa kupaka: lile kuba la bati ndani ya bonneti linaloshika kichwa cha shokapu ya mbele, pale boksi la usukani linapofungwa, vishikio vya fimbo za difu sakafuni, na pembe za chini za kioo cha mbele.

Namna ufa ulivyokaa inakuambia ulikotoka. Unaofuata mstari wa zile spoti, nukta za weldi za kiwandani, unasema mabati mawili yanaachana. Kiwanda kilichomelea kwa nukta zilizopishana kwa barabara za lami. Ulioanzia ukingoni mwa tundu unasema mtu alitoboa bila kusafisha ukingo. Ulioanzia pale weldi ya zamani inapoishia ndio wenye kuudhi zaidi: fundi aliweka bati nene lenye pembe za mraba, likawa gumu mno, na mtikisiko wote ukahamia kwenye mstari mmoja pembeni yake. Ukiongeza bati nene zaidi, ufa unasogea sentimita mbili mbele na kuendelea.

Dawa: toboa tundu la milimita 3 kwenye ncha zote mbili za ufa ili usiendelee. Fungua ufa kwa grenda kama herufi V, chomelea, saga. Juu yake weka bati la milimita 1.5 lililokatwa bila pembe kali, mviringo kama jani la mkungu, ukingo wake usilale sambamba na ufa. Kwenye viungo virefu mimi huchomelea sentimita 2.5, naruka 4, nachomelea tena. Kuchomelea kiungo chote bila kuacha nafasi kunaleta joto jingi kwenye bati jembamba bila faida ya maana.

Kuba za shokapu zipime pia umbali kati yake, juu, kushoto hadi kulia, tairi zikiwa chini na kisha gari likiwa limeinuliwa. Namba zikitofautiana zaidi ya milimita moja au mbili, bodi ya mbele inapumua. Bomba la kuunganisha kuba hizo litasaidia baada ya nyufa kutibiwa, kabla ya hapo linaficha tu.

Weldi inatoboa, au bati linabofyeka na kurudi

Ikitoboa, mara tisa kati ya kumi bati limeshaliwa na kutu upande usiouona. Rudi nyuma, kata zaidi. Kama bati ni zima, punguza moto na tumia waya wa milimita 0.6 kwenye mashine ya MIG, na shika kipande cha shaba nyuma ya tundu. Weldi haishiki shaba, na shaba inanyonya joto.

Bati linalobofyeka kama kifuniko cha kopo limevurugwa na joto la kuchomelea. Kuchomelea kwa gesi ndiko mkosaji mkubwa kwenye bati la milimita 0.8 la mlango au paa, maana inapasha eneo pana. Chomelea nukta moja huku, nyingine kule mbali, gusa kwa mkono, subiri mpaka uweze kuacha kiganja hapo. Pakianza kubofyeka gonga juu ya mstari wa weldi, nyuma ukikinga kwa chuma kizito, kwa sababu weldi yenyewe ndiyo iliyosinyaa na kuvuta jirani zake. Nyundo nyepesi, mapigo mengi.

Vumbi ndani ya gari

Usilichukulie kama usumbufu wa kawaida. Panapopita vumbi panapita pia moshi wa ekzosi, na kaboni monoksidi haina harufu. Gari likienda kasi hewa nyuma ya buti inakuwa na mkandamizo mdogo, hivyo vumbi linafyonzwa kupitia raba ya buti, matundu ya taa za nyuma na sakafu ya buti. Usiku weka taa kali chini ya gari, wewe kaa ndani, zungushia alama kila nuru unayoiona. Kwa raba, paka chaki ukingo wa mlango, funga, fungua: pasipo na chaki kwenye raba hapagusi. Viungo vipakwe silanti (gundi ya kuzibia) juu ya praima, kamwe isiwe juu ya bati tupu. Na kati ya tangi na chumba cha watu pawe na ukuta wa bati usio na tundu hata moja. Wakaguzi wataangalia, lakini hata wasingeangalia, weka.

Rangi inavimba, fila inapasuka

Pitisha sumaku iliyofungwa kitambaa. Isiposhika, kuna fila nene. Malengelenge madogo yaliyotapakaa yanatoka chini, kwenye kutu iliyofunikwa ikiwa hai au unyevu ulionaswa. Ufa mrefu ulionyooka kwenye fila unamaanisha bati chini yake linacheza; rudi kwenye sehemu ya nyufa. Fila inayotoka kama ganda iliwekwa juu ya bati laini au hadina, dawa ya kuigandisha, ilipimwa kwa macho.

Ukanda wa pwani bati lililosagwa asubuhi jioni limeshabadilika rangi. Saga eneo unaloweza kulipaka siku hiyohiyo, basi. Tumia praima ya epoksi. Praima ya kawaida hupitisha unyevu, na gari lililoachwa miezi mitatu na praima tupu linaota kutu chini yake. Fila isizidi milimita 3, na isikaribie sili, boriti wala kuba za shokapu. Rangi za hadina zina kemikali inayoharibu mapafu moja kwa moja, na kitambaa cha puani hakizuii chochote. Kama huna barakoa ya kufaa kazi hiyo, mlipe mwenye nayo.

Bolti za keji zinalegea

Hii ndiyo dalili ninayoiogopa kuliko zote. Keji ni ule mfumo wa mabomba ndani ya gari unaowalinda likipinduka. Ukikaza bolti za mguu wake na baada ya siku moja zimelegea tena, bolti haina kosa. Sakafu chini yake inabonyea. Kwa kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, mguu wa nguzo kuu unafungwa kwa bolti zisizopungua tatu za M8 (kipenyo milimita 8), daraja la ugumu 8.8, na chini yake bati la kuimarisha lenye unene wa milimita 3 au zaidi na eneo lisilopungua sentimita za mraba 120, lililochomelewa kwenye bodi. Nguzo kuu yenyewe ni bomba la chuma lisilo na mshono, kipenyo milimita 45 kwa unene wa 2.5, au 50 kwa 2.0. Bomba la maji lenye mshono halina nafasi hapo. Lakini hata bomba la kiwango hicho, likisimama juu ya sakafu yenye fila na gazeti, litatoboa sakafu siku gari likipinduka na paa litashuka hadi kwenye vichwa vyenu. Ndiyo maana keji huja baada ya sili na sakafu kukamilika. Akikuambia mtu muanze na keji kwa sababu bomba zimepatikana kwa bei nzuri, zihifadhi bomba.

Vipimo vyote vya chaki nimeviandika upande wa ndani wa kifuniko cha buti, kwa rangi, pamoja na tarehe. Baada ya kila mbio natoa zulia, napaka mafuta ya taa na chaki pale kwenye vishikio vya difu, napiga jeki upande wa kushoto na kufunga ule mlango. Mara iliyopita mshazari wa mbele ulikuwa umeongezeka milimita 2. Nimeandika, na baada ya mbio ijayo nitapima tena palepale kwanza.